Kabla hujanunua .300 Magnum ya kuwindia elki, soma hapa kwanza

KijanaWaMpanda (mleta uzi)

Habari zenu wakuu.

Majibu ya droo ya leseni yametoka Colorado na simu zimeanza: "Kaka, nimepata kibali cha elki, ninunue bunduki gani?" Nimejibu mmoja mmoja hadi nimeona bora niandike mara moja. Uzi ni mrefu, vumilieni.

Kwa walio nyumbani: elki ni jamii ya kulungu wa huku Marekani Kaskazini, dume ana pembe za matawi zinazoanguka kila mwaka na kuota upya. Dume aliyekomaa ana kilo 300 na zaidi, yaani anamzidi tandala lakini hamfikii pofu. Jike ni kilo 220 hivi. Colorado ndiyo jimbo lenye elki wengi kuliko yote, wanakaribia 300,000. Msitu umegawanywa vitalu kama kwetu, ila huku kitalu hakikodishwi kampuni. Mtu wa kawaida anaomba leseni, anapanda mlima kwa miguu yake, anarudi na kitoweo mgongoni. Ukiwa mkazi wa jimbo leseni haifiki dola 100. Ukitoka jimbo lingine ni zaidi ya dola 700.

Nianze na kosa langu, maana ndilo lililonifundisha.

Mwaka wa kwanza niliingia duka moja huku Aurora, Colorado, nikasema nataka bunduki ya elki. Muuzaji akaniwekea mezani bunduki ya .300 Winchester Magnum (magnum ni risasi yenye baruti nyingi kuliko za kawaida), nyepesi, haifiki kilo 3. Akaniambia kwa hii hakuna elki atakayesimama. Nikaipenda hapo hapo. Baba yangu mdogo alikuwa askari wa wanyamapori Katavi, alibeba .375, na mimi nilikua nikiamini mnyama mkubwa anataka bunduki kubwa. Nikaenda uwanja wa shabaha, nikapiga risasi 11. Bega lilivimba, na ukingo wa darubini ulinichana juu ya jicho. Nikajiambia inatosha, huko mlimani nitapiga moja tu.

Siku ya tatu ya msimu, milimani juu ya mji wa Meeker, saa moja asubuhi, jike alitoka kwenye miti ya aspeni akasimama ubavu, yadi 180 (mita 165 hivi). Nilikuwa nimelala kifudifudi, mtutu juu ya begi, upepo hakuna. Nilifumba macho kabla ya mlio. Najua nilifumba, kwa sababu sikumwona akipigwa. Nilipofungua hakuwepo. Pale aliposimama nilikuta unywele uliopauka na damu nyembamba yenye vipande vya majani yaliyotafunwa. Mwindaji yeyote anajua maana yake: tumbo. Nilimfuata hadi giza likaingia. Kesho yake nikamfuata tena hadi saa nane mchana, theluji ikaanza kuanguka, alama zikafunikwa. Sikumpata. Mnyama yule alikufa taratibu mahali nisipopajua, na nyama yake ililiwa na koyoti, wale mbwamwitu wadogo wa huku.

Sasa fikirieni: risasi ile kwa yadi 180 bado ilikuwa na nguvu ya zaidi ya juli 3,500. Ingemwangusha hata pofu. Ilikosa mahali pake kwa karibu nusu mita, na iliikosa kwa sababu niliiogopa bunduki yangu mwenyewe.

Teke la bunduki

Hapa ndipo nataka mkae sana. Teke ni ule msukumo wa bunduki kurudi begani unapofyatua, na majina yanayofuata ni aina za risasi. Katika bunduki ya kilo 3.6 pamoja na darubini, teke la 6.5 Creedmoor ni kama juli 16. .270 Winchester na .308 ni kama 23. .30-06 yenye kichwa (ile sehemu ya risasi inayoruka) cha greini 180, yaani gramu 12 hivi, ni kama 27. .300 Winchester Magnum inafika 35. .338 Winchester Magnum inapita 40. Na bunduki ikiwa nyepesi teke linaongezeka, kwa hiyo ile yangu ya kilo 3 ilikuwa inanipiga kuliko hata hesabu hii inavyosema.

Watu wanadhani shida ya teke ni maumivu. Maumivu yanapona. Shida ni kwamba mwili unajifunza. Baada ya risasi chache bega linajikaza lenyewe, kidole kinavuta kifyatulio kwa pupa, jicho linafumba, na yote hayo yanatokea kabla risasi haijatoka mtutuni. Mimi sikuwa najua kama nafanya hivyo. Mzee mmoja pale uwanjani ndiye aliyenionyesha. Alichukua bunduki yangu, akageuka, akaijaza bila mimi kuona: mara risasi ya kweli, mara ganda bandia lisilo na baruti. Nikalenga, nikavuta. Lilikuwa bandia. Bunduki ikalia "tiki", na mtutu ukashuka kwa nguvu kama nimeupiga kofi. Hakusema neno. Niliona aibu mno, lakini siku ile ndiyo niliyoanza kujifunza.

Niliiuza ile .300. Nikanunua .30-06, na tangu hapo nimechinja elki watano kwa risasi sita.

Risasi zenyewe

Sheria ya Colorado kwa elki inataka kaliba (upana wa risasi) isiyopungua inchi .24, kichwa kinachofunguka chenye greini 85 au zaidi, na nguvu isiyopungua futi-pauni 1,000 kwa yadi 100, yaani juli 1,350 hivi. Hicho ndicho kiwango cha chini cha sheria. Wawindaji wengi wanapendelea juli 2,000 pale risasi inapompata mnyama, nami nawaunga mkono.

.30-06 Springfield ilipokelewa na jeshi la Marekani mwaka 1906, na hadi leo ukiingia kiduka cha kituo cha mafuta huko milimani utaikuta rafuni. Kichwa cha greini 180 kinatoka kwa futi 2,700 kwa sekunde na kwa yadi 300 bado kina zaidi ya juli 2,200. Mimi sina haja ya zaidi ya hapo, kwa sababu sipigi mnyama zaidi ya yadi 300.

.270 Winchester, ya mwaka 1925, imeangusha elki wasiohesabika. Teke lake ni la kiungwana na inaruka karibu tambarare. Mpe kichwa cha greini 140 au 150 kilicho kigumu. .308, 7mm-08 na .280 Remington zote zinafaa, na sitapoteza muda kuzilinganisha, tofauti zao mlimani huzioni. 7mm Remington Magnum, iliyotoka mwaka 1962, ndiyo magnum pekee ninayoweza kumshauri mtu ambaye amekwishapiga sana, maana teke lake haliko mbali na la .30-06. .300 na .338 ni bunduki nzuri mikononi mwa anayezimudu. Swali ni kama wewe unazimudu, na jibu lake liko kwenye karatasi ya shabaha.

Kichwa cha risasi

Watu wanabishana kaliba miezi mitatu, halafu wanachukua boksi la bei rahisi kuliko yote. Wakuu, kinachomwingia mnyama ni kichwa, na elki ana bega nene, misuli mizito, na ngozi ambayo majira ya vuli mara nyingi imejaa matope makavu.

Mwaka 1946 John Nosler alikuwa anawinda huko British Columbia, Kanada, na .300 Holland & Holland. Alimpiga dume la moose, jamii ya kulungu mkubwa kuliko elki, na vichwa vyake vikapasukia juu juu bila kupenya. Bunduki ile ilikuwa na nguvu tele. Alirudi nyumbani akatengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: sehemu ya mbele inafunguka kama uyoga, ya nyuma inabaki nzima na kuendelea kusukuma. Mwaka 1948 akaanza kuviuza kwa jina la Partition, na vinauzwa hadi leo. Mimi natumia hivyo. Vichwa vya shaba tupu kama vya Barnes navyo vinapenya vizuri sana, na vina faida nyingine: havimwagi kwenye nyama vumbi la madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu. Kama nyama inaliwa na watoto, hilo lifikirie kwa uzito.

Epuka vichwa vyembamba vya mashindano. Vinachana karatasi vizuri, kwenye bega la elki vinasambaratika.

Bunduki

Ya bolti, yaani ya kukoki kwa mkono kila baada ya risasi. Winchester Model 70, Remington 700, Savage 110, Ruger American, Tikka T3x, yoyote inayokaa vizuri begani kwako. Bunduki pamoja na darubini iwe kilo 3.4 hadi 3.8. Utalalamika ukipanda, utashukuru ukipiga. Darubini ya 3-9x40, inayokuza mara 3 hadi 9, inatosha kabisa. Pesa iliyobaki nunua risasi za mazoezi na viatu.

Weka shabaha sifuri kwa yadi 200, yaani rekebisha darubini ili risasi igonge pale pale unapolenga kwa umbali huo. Kwa .30-06 ya greini 180, ukifika 300 risasi inashuka sentimita 21 hivi. Mapafu ya elki yana eneo la zaidi ya sentimita 30, kwa hiyo hesabu unaiweza kichwani. Lenga nyuma kidogo ya bega, theluthi moja kutoka chini. Akiwa amekukabili au amekupa mgongo, ngoja. Elki akitulia anakula kwa dakika nyingi.

Maswali karibuni.

---

MzeeWaBaruti

Mkuu, heshima kwako, ila hapo kwenye .338 sikubaliani. Nimewinda Montana miaka 15. Msitu mnene, dume anatokea yadi 60, amekaa mshazari, sekunde 4 unazo. Hapo nataka greini 225 ipite kuanzia bega hadi upande wa pili. Bunduki kubwa inakusamehe makosa madogo.

KijanaWaMpanda

Mzee wangu, shikamoo. Nimekuelewa, na kwa mshazari kichwa kizito kweli kinasaidia, hilo silipingi. Lakini neno "inasamehe" linanisumbua. Kilichompata yule jike wangu ni utumbo. Ningekuwa na .338 ungekuwa utumbo vile vile, kwa tundu pana zaidi. Wewe umeizoea miaka 15, wewe piga. Wanaosoma hapa wengi hawajapiga hata risasi 50 maishani.

MzeeWaBaruti

Marahaba. Kwa anayeanza, sawa, nakubali. Ila waambie pia wafanye mazoezi wakiwa wamekaa na wamepiga magoti. Pale uwanjani wote wanapiga juu ya meza, na mlimani meza hakuna.

KijanaWaMpanda

Hili lisomeni mara mbili. Mimi kuanzia Julai sigusi meza. Nakimbia hatua 100, naketi, napiga. Juu ya mita 3,000 hewa ni nyepesi na moyo unagonga hadi unauona kwenye darubini.

---

BintiLushoto

Kaka, mimi nina kilo 54. Mume wangu ananiambia 6.5 Creedmoor ni bunduki ya watoto, elki atacheka. Nina leseni ya jike msimu wa tatu.

KijanaWaMpanda

Dada yangu, chukua 6.5 bila wasiwasi. Kichwa cha greini 140 au zaidi, kiwe kile kigumu, na ujiwekee mpaka: yadi 250, hata kama mikono inakwambia unaweza 400. Au 7mm-08, teke lake linakaribiana na hilo na kichwa ni kipana kidogo. Hakikisha kitako kimekatwa kukufaa. Kitako kirefu kinamfanya mtu mfupi ainyooshe shingo, na hapo ndipo darubini inapompiga usoni. Na shemeji muulize yeye anafunga risasi zake 3 ndani ya upana gani kwa yadi 200 akiwa ameketi.

BintiLushoto

Nitamuuliza leo leo.

---

MwanaKaramoja

Kuna mtu ambaye historia yake iko hapa kwetu Uganda na inaingia kwenye huu uzi: W.D.M. Bell, Mskoti aliyewinda ndovu Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20. Aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa .275 Rigby, ambayo ni 7x57 ya Mauser, risasi ndogo kuliko .30-06. Sisi tunamkumbuka kwa hasira kwa jinsi alivyomaliza ndovu, lakini ukweli wa bunduki ni huo.

KijanaWaMpanda

Ahsante sana mkuu, na hasira hiyo naielewa. Watu wakimtaja Bell wanasahau kwamba alipasua mafuvu ya ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi hasa, na alitumia vichwa vigumu visivyofunguka, ambavyo kwa elki Colorado hairuhusiwi. Leo Tanzania huwezi kumwinda ndovu wala nyati na chini ya .375, na sheria hiyo ni nzuri, maana wale wanaua watu. Elki akijeruhiwa hakufuati wewe. Anakwenda kufia mbali.

---

Abuu_Mkunguni

Assalaam alaykum. Swali la nyama. Mimi nakula halali tu. Nikimpiga kwa risasi akafa kabla sijafika?

KijanaWaMpanda

Waalaykum salaam. Mimi Mkristo, kwa hiyo nakupa nilichoambiwa na ndugu ninaowinda nao: wanasoma Bismillah pale wanapovuta kifyatulio, na masheikh wengi wa zama hizi wanahesabu risasi inayotoboa kama mshale. Wakimkuta bado yu hai wanamchinja hapo hapo, kisu kinakaa kiunoni. Muulize sheikh wako kabla ya msimu. Jamaa mmoja aliniambia kule kusoma Bismillah kunamtuliza pumzi, na kwamba hajawahi kuvuta kwa pupa tangu aanze.

Abuu_Mkunguni

Ahsante. Nitamuuliza. Na nyama inakuwa kiasi gani?

KijanaWaMpanda

Jike ukimtoa mifupa, kilo 70 hivi. Dume 90 na kuendelea. Ngozi itoke upesi, ni nene na inashika joto, nyama ya paja inaweza kuharibika hata kukiwa na baridi. Usitupe nyama inayolika, ni kosa la jinai, na alama ya jinsia iachwe imeshikamana na nyama hadi nyumbani. Pia peleka kichwa cha mnyama kikapimwe ugonjwa wa kudhoofika wa jamii ya kulungu (chronic wasting disease), upo kwenye vitalu vingi.

---

Mkivu_Boise

Jambo ndugu. Tuko wengi wa Kivu huku Idaho na vijana wanataka kuanza. Wengine wana karatasi za ukimbizi, wengine green card, mmoja ni mwanafunzi. Wanaweza kununua?

KijanaWaMpanda

Ndugu yangu, hapo nendeni taratibu. Mwenye green card anaruhusiwa kama raia, akipita ukaguzi wa duka. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo au utalii, sheria ya shirikisho inamkataza kushika silaha, isipokuwa kwa vighairi vichache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Yule mwanafunzi aonane na mwanasheria wa uhamiaji kabla hajagusa hata bunduki ya rafiki. Wenye karatasi za ukimbizi nao waulize kwanza, kosa moja la silaha linaweza kufunga mlango wa uraia. Halafu wote wasome kozi ya usalama wa uwindaji. Huku Colorado kila aliyezaliwa 1949 au baadaye lazima awe na kadi yake, na msituni lazima uvae rangi ya machungwa inayong'aa au ya waridi, kifuani na kichwani. Na dukani utangoja siku 3 ndipo ukabidhiwe bunduki, kwa hiyo usiende wiki ya mwisho.

---

Chuma_cha_Pua

Mkuu, narudi na mrejesho. Mimi ndiye niliyekupigia simu nikiwa na hela mkononi ya .300. Leo rafiki kaniazima zote mbili, nimepiga risasi 10 kila moja, nimeketi, yadi 200. Ya .300: tatu za kwanza zimekaa vizuri, zilizobaki zimetawanyika, mbili nje ya karatasi kabisa. Ya .30-06: zote 10 zimo ndani ya sahani ya chai. Na ile ya .300 ndiyo niliyoanza nayo, sijachoka bado.

KijanaWaMpanda

Nunua hiyo ya 06. Chukua na boksi 5 za risasi za aina ile ile utakayowinda nayo, namba ya toleo iwe moja. Tatu zimalize kabla ya Septemba. Jumamosi njoo uwanjani, nitakuja na maganda bandia nikujazie mimi.